Bakteria na Daftari la Maadui

Kila yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, sisi tunaofundisha lugha vyuoni huulizwa swali moja: somo lenu lina soko gani? Wenzetu wa biolojia nao hawasalimiki. Huulizwa kuna faida gani kutumia miaka mingi kuchunguza kijidudu kisichomdhuru mtu wala kumfaa. Mimi si mwanabiolojia, lakini jibu bora nililowahi kulipata limo katika maisha ya bakteria.

Tumezoea kumwona bakteria kama mshambulizi, tukasahau kwamba yeye naye hushambuliwa. Viko virusi viitwavyo fagi ambavyo kazi yao ni kuwavamia bakteria. Frederick Twort wa Uingereza alieleza athari zake mwaka 1915, naye Félix d'Herelle akavieleza kwa mapana huko Ufaransa mwaka 1917. Fagi hujibandika juu ya bakteria, humdunga DNA yake, na kuigeuza seli hiyo kiwanda cha kuzalisha virusi vingine. Hatimaye seli hupasuka, na virusi vipya hutoka kusaka mawindo.

Je, kiumbe wa seli moja hujiteteaje? Kinga yake ya kwanza ni kusoma. DNA ni maandishi ya herufi nne: A, T, G na C. Baadhi ya bakteria wa jamii ya E. coli wana kimeng'enya kinachotafuta mfuatano GAATTC na kuukata popote kiupatapo. DNA yao wenyewe haikatwi kwa kuwa mifuatano yake imetiwa alama ya kemikali. Usio na alama ni wa mgeni, nao hukatwa. Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1978 kwa uvumbuzi wa vimeng'enya vya namna hii.

Kinga ya pili ni kumbukumbu. Bakteria wengi, ingawa si wote, huchukua kipande kifupi cha DNA ya virusi vilivyowavamia, chenye herufi zipatazo 30, wakakihifadhi ndani ya DNA yao. Kati ya kipande kimoja na kingine hukaa mfuatano ule ule unaojirudia, mithili ya mistari itenganishayo majina daftarini. Nakala za vipande hivyo hukabidhiwa protini zenye uwezo wa kukata. Virusi vile vile vikirudi, protini hulinganisha maandishi, na yakilingana hukata. Bakteria anapogawanyika, watoto wake hurithi daftari zima. Virusi navyo havilali: hubadilisha herufi moja ili visitambulike, au huunda protini za kuwazuia wakataji.

Sasa tutazame jinsi siri hii ilivyofichuka. Mwaka 1987, Yoshizumi Ishino na wenzake wa Osaka, Japani, waliiona mifuatano hiyo inayojirudia, wasijue kazi yake. Francisco Mojica wa Alicante, Hispania, aliikuta tena katika vijidudu vya maji ya chumvi kali, akaikalia kwa zaidi ya mwongo mmoja. Alipogundua kwamba vipande vilivyo kati yake vyatoka kwa virusi, majarida kadhaa yaliikataa makala yake kabla haijachapishwa mwaka 2005. Mwaka 2007, watafiti wa kampuni ya Danisco, wakifanya kazi na bakteria wanaogandisha maziwa, walithibitisha kuwa hiyo ni kinga. Mwaka 2012, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba mkasi huo waweza kuelekezwa ukate DNA mahali tunapotaka, wakatuzwa Nobel mwaka 2020.

Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza inayotumia mkasi huo, nayo ni ya selimundu, ugonjwa unaozitesa familia nyingi za Nyanza, Magharibi na Pwani. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Hapo ndipo penye uchungu. Mojica alipokuwa akisoma herufi zisizo na maana kwa mtu yeyote, soko halikuwepo. Lilikuja baadaye, na wenye kulipanga bei ni wale ambao nchi zao ziliwavumilia wasomaji wa namna yake. Taifa linalofundisha tu kile kinachouzika leo litakuwa mnunuzi daima, tena mnunuzi asiyemudu bei.

Kwa hiyo mwalimu, mwanafunzi wako akikwama kwenye jambo dogo na kukataa kuliacha, usimhimize akimbilie linalotahiniwa. Mwachie nafasi alisome mpaka alielewe.