Kwa Nini Pikipiki Hukataa Kuwaka Injini Ikiwa Moto?

Injini ya petroli isiyowaka kabisa si tatizo gumu sana kwa fundi. Kuna kitu kilichokatika, kilichovunjika au kilichoziba, nacho kitabaki hivyo hivyo mpaka kitafutwe na kuonekana. Ugumu hasa umo katika injini ambayo huwaka vyema alfajiri, hukataa saa sita mchana, kisha jioni huwaka tena kana kwamba haijapata kuugua. Pikipiki ya namna hiyo hufika kwa fundi ikiwa imekwisha kupoa; hupigwa kiki mara moja, nayo huitika. Fundi hana cha kuona. Basi hubahatisha kubadili kipuri kimoja, na mwenye pikipiki hulipa.

Mambo haya nililazimika kuyatafakari kwa sababu ya kijana mmoja jirani yangu, ambaye ni dereva wa bodaboda. Pikipiki yake ni ya silinda moja yenye ujazo wa sentimita za ujazo 125. Kila siku, baada ya safari mbili tatu za kupanda mlima, akiizima ili kumshusha abiria haikubali tena kuwaka mpaka ipumzike karibu nusu saa. Abiria hawangoji nusu saa, na mwenye chombo hupokea hesabu yake kila jioni, iwe injini imewaka au imelala. Katika muda wa mwezi mmoja kijana huyo alikuwa amenunua plagi mbili, koili moja, na kile kisanduku cheusi cha umeme ambacho mafundi hukiita "sidiai". Vipuri vyote vilikuwa vipya, na ugonjwa ulikuwa ule ule.

Inachohitaji injini

Mwanafunzi aliyesoma fizikia ya kidato cha pili ataelewa bila taabu kwamba injini ya mapigo manne huhitaji mambo matatu ili iwake. Kwanza, mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli kwa kipimo kinachofaa: kwa kila gramu moja ya petroli huhitajika karibu gramu 15 za hewa. Pili, mchanganyiko huo ugandamizwe na pistoni. Katika injini nyingi ndogo hubanwa hadi kufikia kiasi cha sehemu moja ya tisa ya ujazo wake wa mwanzo. Tatu, cheche ya umeme iruke kwenye plagi kwa wakati wake, muda mfupi kabla pistoni haijafika juu kabisa. Likikosekana moja tu kati ya hayo, injini haiwaki, hata kama mengine mawili ni kamili.

Mafundi wengi wanalijua jambo hili. Wanachosahau ni kwamba ugonjwa wa kuja na kuondoka una ushahidi mmoja ambao ugonjwa wa kudumu hauna, yaani hali ya mambo wakati unapotokea. Pikipiki ya jirani yangu ilikataa ikiwa moto tu. Kwa hiyo tulipaswa kujiuliza ni kitu gani ndani yake hubadilika injini inapopata moto, na kukiweka kando kila kisichobadilika.

(Pikipiki inayokataa ikiwa baridi ina maswali yake mengine. Petroli hutoa mvuke kwa shida katika baridi, ndiyo maana asubuhi ya Makete au Njombe dereva huvuta choki ili kupunguza hewa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huzidisha shida hiyo, kwa kuwa mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie nyuzi 38 za Sentigredi au zaidi, ilhali petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi kali iliyo chini ya sifuri. Na dereva anayevuta choki injini ikiwa moto huizamisha kwa petroli. Plagi hutoka imelowa.)

Washukiwa watatu

Wa kwanza ni kifuniko cha tangi. Kifuniko hicho kina tundu dogo la kupitishia hewa. Petroli inaposhuka kwenda kwenye kabureta, nafasi inayoachwa juu yake lazima ijazwe na hewa. Tundu likiziba kwa vumbi au matope, kanieneo ndani ya tangi hupungua kidogo kidogo, mpaka kanieneo ya angahewa iliyoko upande wa kabureta iizuie petroli isishuke. Ni kanuni ile ile inayozuia maji yasitoke katika kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja tu. Baada ya kusimama kwa muda, hewa hupenya pole pole, na petroli hushuka tena. Dereva hudhani injini imepoa, kumbe tangi limepumua. Mshukiwa huyu ana alama yake: mara nyingi huizima injini ikiwa katika mwendo, baada ya kuikohoza kohoza. Pikipiki ya jirani yangu haikuwa ikizimika njiani. Hata hivyo hatukumwacha bila kumpima.

Wa pili ni koili. Nyaya zake za shaba huongeza ukinzani zinapopata joto; kutoka nyuzi 30 hadi 80 ongezeko ni karibu moja ya tano. Hilo peke yake kwa kawaida haliiui cheche. Linaloiua ni ufa katika kihami, ambao hupanuka kwa joto na kuuruhusu umeme upite njia ya mkato kabla ya kufika kwenye plagi. Hapa pana kosa linalofanywa kila siku kwenye vibanda vya mafundi. Plagi hufunguliwa, hulazwa juu ya silinda, kiki hupigwa, cheche huonekana, na koili huhesabiwa kuwa nzima. Lakini mwaka 1889 mwanafizikia wa Kijerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili cheche iruke hutegemea kanieneo ya hewa pamoja na upana wa nafasi ya kuruka. Ndani ya silinda, ambamo hewa imebanwa, cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuliko nje. Koili dhaifu yaweza kung'arisha cheche mbele ya macho ya fundi na kushindwa mahali inapohitajiwa. Ili kipimo kiwe cha haki, hutumika plagi ya zamani iliyokatwa ile ncha yake ya pembeni, ili cheche ilazimike kuruka nafasi kubwa kuliko ya kawaida.

Mshukiwa wa tatu husahaulika, kwa sababu amefichwa na wala hauzwi dukani kama kipuri: ni ile nafasi ndogo kati ya mwisho wa shina la vali na mkono unaoisukuma, ambayo mafundi huiita "tapeti". Katika injini nyingi ndogo nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, nayo hupimwa injini ikiwa baridi. Kazi yake ni kuliachia shina mahali pa kurefukia.

Walimu wanaweza kulifanya jambo hili kuwa hesabu ya darasani. Chuma hurefuka kwa kiasi cha sehemu 12 katika milioni kwa kila uzi mmoja wa joto. Shina lenye urefu wa milimita 80, likipata joto kwa nyuzi 100 zaidi, litarefuka kwa 80 × 100 × 0.000012, yaani milimita 0.096. Ni kweli kwamba metali inayolizunguka nayo hupanuka, na mtengenezaji amekwisha kulifikiria hilo alipochagua kipimo chake. Lakini vali ya kutolea moshi hupata moto mwingi kuliko jirani zake. Nafasi ikiwa haipo tangu injini ikiwa baridi, shina linaporefuka hugonga mkono ulio juu yake na halina pa kwenda, hivyo kichwa cha vali hunyanyuka kidogo kutoka katika kiti chake. Tundu ni jembamba kuliko unywele, nalo latosha kuuvujisha mgandamizo katika mwendo wa pole wa kiki. Injini ikiwa inazunguka kwa kasi, hewa haipati muda wa kuvuja yote, ndiyo maana pikipiki huendelea kwenda mpaka izimwe.

Siku ya kipimo

Nilimwomba kijana aniletee pikipiki ikiwa imekataa, si baada ya kupoa. Akaipandisha mlima, akaizima mbele ya nyumba yangu, nayo ikakataa kama ilivyotarajiwa. Tulianza na cheche, kwa kuwa si busara kuchezea cheche mahali ambapo petroli imekwisha kumwagwa. Plagi yenyewe tuliiacha mahali pake ili tundu lisitoe mvuke. Waya tuliuunganisha na ile plagi iliyokatwa, tukaigandisha kwenye chuma cha injini mbali na kabureta. Cheche ikaruka, ya buluu, kwa sauti. Koili haikuwa na hatia, wala ile ya zamani aliyoitupa huenda haikuwa nayo.

Kisha tukafungua kifuniko cha tangi. Hapakusikika mfyonzo wowote wa hewa. Tukalegeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na kukinga chupa nyeupe. Petroli ilitiririka bila kusita, na haikuwa na maji, ambayo yangeonekana kama shanga chini ya chupa kwa kuwa ni mazito kuliko petroli.

Likabaki la tatu. Nilimwambia aisukume kiki kwa mkono, taratibu. Akashangaa: ilishuka kama pampu ya baiskeli iliyochakaa, bila ukinzani. Asubuhi, alisema, kiki hiyo hiyo humrudisha mguu. Tulisafisha mahali, tukafungua plagi kwa kitambaa kizito, tukatia kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda. Kama ringi za pistoni ndizo zingekuwa zinavujisha, oili ingeziba na kiki ingekuwa nzito kwa muda. Haikubadilika. Basi uvujaji ulikuwa kwenye vali.

Tuliiacha ipoe usiku kucha. Asubuhi tulifungua kifuniko, tukaiweka pistoni juu kabisa mwishoni mwa pigo la kugandamiza, tukajaribu kupitisha geji ya unene. Kwenye vali ya kuingizia ilipita. Kwenye vali ya kutolea moshi, hata bapa la milimita 0.04 lilikataa kuingia.

Nafasi hiyo huweza kupotea polepole kadiri kiti cha vali kinavyolika. Lakini nilipomuuliza kijana kama injini ilipata kufunguliwa hapo awali, alikumbuka jambo ambalo hakuwa ameliona kuwa na uhusiano. Miezi miwili nyuma injini ilikuwa ikitoa mlio mdogo wa kugongagonga, naye hakuupenda, abiria nao walikuwa wakiulizia. Fundi mmoja aliukaza "tapeti" mpaka mlio ukaisha, na kazi ilionekana nzuri. Siku chache baadaye ndipo pikipiki ilipoanza kukataa.

Tuliirekebisha kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji, kazi ya robo saa isiyohitaji kipuri hata kimoja. Mchana ule aliupanda mlima mara nne, na kila mara injini iliitika kwa kiki ya kwanza. Mlio nao umerudi, mwembamba, kama wa cherehani iliyo chumba cha pili. Wiki iliyofuata alipita kuniuliza kama upo uwezekano wa kuuondoa.