Korosho 24

Sogeeni mkekani, wanangu, na wewe wa nyuma mwache paka. Mbele yangu kuna korosho 24. Tuseme ndizo mali ya bwana mmoja wa Pemba, Mwislamu, aliyefariki bila wasia. Sanda imeshanunuliwa, madeni yameshalipwa. Hayo hutangulia, mrithi hagusi kitu kabla yake. Ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama.

Nani apate nini? Mafungu yamo ndani ya Kurani, sura ya Nisaa, aya ya 11 na 12. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, ana thumni, yaani moja ya nane. (Ndilo neno lilelile ambalo wazee wa Mombasa walilitumia kuita senti hamsini.) Mabinti wana thuluthi mbili kwa pamoja. Baba ana sudusi, moja ya sita, na mama vilevile.

Haya, tugawe. Mke, 3. Mabinti, 16, kila mmoja 8. Baba, 4. Zimebaki ngapi? Moja! Na mama, aliyembeba marehemu tumboni, anadai zake 4.

Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyekosea kuhesabu. Mafungu yamefika 27, korosho ni 24.

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali bin Abi Talib aliulizwa swali hilihili akiwa juu ya mimbari, anahutubia. Hakushuka kutafuta kalamu. Alijibu palepale kwamba thumni ya mke imekuwa moja ya tisa, akaendelea na hotuba yake. Mimi hesabu za sehemu zilinitoa jasho hata nikiwa nimekaa.

Siri yake ni hii: upungufu usimwangukie yule aliyekaa mwisho wa foleni. Mali isikatwe mafungu 24, ikatwe 27. Kila mtu achukue idadi yake ileile, ila fungu lenyewe limekuwa dogo kidogo. Shamba likiwa na minazi 54, mke ana 6, kila binti 16, baba 8, mama 8. Wanazuoni huiita njia hii auli, nayo ilianza enzi za Khalifa Umar. Sahaba Ibn Abbas hakuiafiki; kwake yeye, mke na wazazi wachukue haki yao kamili, mabinti wapate kinachobaki. Mashia wengi hawaikubali auli hadi leo.

Nani ameuliza habari za kaka? Swali zuri. Angekuwapo mtoto wa kiume, zile thuluthi mbili zisingekuwapo. Mke 3, wazazi 4 na 4, kisha 13 zilizobaki wangegawana watoto: mvulana mafungu mawili, kila msichana moja.

Ngojeni nizirudishe pamoja tuigawe na hiyo. Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili... Wanangu! Warithi niliwataja watano. Huyu wa sita anayetafuna ni nani?