Mtoto anaharisha? Usimnyime maji

Msimu wa mvua ukifika, akina mama kutoka Igogo, Kirumba hadi visiwani Ukerewe huniuliza swali lilelile: “Daktari, mtoto anaharisha maji matupu. Nikimpa ya kunywa si atazidi?” Wengine humnyima kabisa, na hapo ndipo hatari inapoanza. Kinachoua haraka katika kuharisha, hasa kipindupindu, ni mwili kuishiwa maji na chumvi.

Ukuta wa utumbo mwembamba umejengwa kwa seli, na kila seli imezungukwa na utando wenye milango midogo. Mlango mmoja hupitisha sodiamu, iliyomo kwenye chumvi, ikiwa pamoja na sukari. Zikiingia, maji huzifuata. Upande wa pili wa seli kuna pampu inayotumia nishati itokanayo na chakula kuisukuma sodiamu kwenda kwenye damu. Pampu ikifanya kazi, sodiamu ndani ya seli hupungua na nyingine hupata nafasi ya kuingia.

Sumu ya kipindupindu hufungua njia nyingine inayomwaga chumvi na maji nje, lakini mlango wa sodiamu na sukari hubaki mzima. ORS hupitia hapo.

Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, dripu zilipopungua, Dk Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Changanya pakiti nzima kwenye maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kwa kipimo kilichoandikwa, kwa kawaida lita 1. Usiongeze sukari wala usimpe soda. Sukari ikizidi huvuta maji kurudi utumboni. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kimoja. Endelea kumnyonyesha na kumlisha, na mpe zinki kama ulivyoelekezwa. ORS iliyobaki baada ya saa 24, imwage.

Mwahishe kituo cha afya akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa, akitoa choo chenye damu au cha majimaji kama maji ya mchele. Njiani, endelea kumnywesha.