Kipokezi cha Seli T na Utambuzi wa Peptidi za Saratani

Makala haya yanaeleza namna seli T itambuavyo saratani. Seli hiyo haisomi protini nzima. Protini hukatwakatwa ndani ya seli kuwa peptidi fupi, nazo huwekwa katika mfereji wa molekuli ya HLA na kudhihirishwa juu ya utando. Baadhi ya asidi amino huzama mferejini; nyingine huelekea nje, na hizo ndizo ziguswazo na vitanzi vya kipokezi.

Tuchukue mfano. Peptidi ya MAGE-A3, protini ipatikanayo katika baadhi ya saratani, huandikwa EVDPIGHLY, kila herufi ikiwakilisha asidi amino moja. Peptidi ya titini, protini ya misuli ya moyo, ni ESDPIVAQY. Nafasi 5 kati ya 9 zinalingana. Kipokezi kilichoimarishwa maabarani ili kiishike ya kwanza kiliishika na ya pili. Wagonjwa 2 walifariki, kama ilivyoripotiwa mwaka 2013.

Katika *pata* na *bata*, sauti moja yatosha kupambanua maana. Hapa tofauti 4 hazikutosha. Ni dhahiri, basi, kwamba nguvu ya kushika si sawa na usahihi wa kutambua.