Nguo Zikaukazo, Nguo Ziliwazo na Jua

Malakisi ni mji uliojulikana kwa kinu chake cha kuchambulia pamba. Lakini ukizitazama kamba za nguo katika nyua zake leo, pamba ni haba. Zinazopepea ni mabuibui ya poliesta na mitandio ya nailoni, na katika baraza za misikiti imetandikwa mikeka ya plastiki.

Vitu hivi jua huvila kwa siri. Miale isiyoonekana kwa macho hukata minyororo midogo mno iliyoufanya uzi uwe uzi. Ubaridi wa asubuhi utokao Mlima Elgon humhadaa mtu akadhani jua la huku ni la upole. Sivyo. Kila upandapo mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, miale hiyo huzidi kwa kadiri ya sehemu 10 katika 100, na Malakisi imekipita kimo hicho. Dada zetu wa Lamu na Mombasa hulaumu joto. Huku nguo huharibika hata siku ya baridi.

Poliesta ni mvumilivu kuliko nailoni, ambayo ikiwa nyeupe hugeuka manjano, kisha huchanika kama karatasi. Dhaifu zaidi ni mkeka wa plastiki: ukiachwa nje miezi mingi, huvunjika na kuacha unga mkononi. Na mkeka huo mara nyingi ni wakfu! Aliyeutoa alikusudia sadaka yenye kudumu, nasi twaumaliza kwa uvivu wa kuukunja baada ya sala.

Wapo wauachao juani mchana kutwa wakitaraji kuutahirisha. Katika madhehebu ya Shafii, tuyafuatayo pwani, jua halitahirishi najisi. Maji ndiyo yatahirishayo. Hata Mahanafi, wanaoikubali ardhi iliyokauka, hawakuipitisha hukumu hiyo kwa nguo. Mwenye kutegemea jua huambulia mkeka mbovu usio na twahara.

Buibui la binti wa madrasa hununuliwa kwa jasho la mama, basi na lilindwe. Poliesta hainywi maji mengi. Hukauka upesi hata kivulini, penye upepo. Ligeuze ndani nje, hasa lenye nakshi, na ulianue mara likaukapo, wala lisingoje alasiri kwa kuwa tu mvua haijanyesha. Pazia la dirishani lishonewe bitana ya pamba. Turubai la harusi au la matanga likunjwe shughuli ikiisha. Ama mtandio ambao tayari huchanika ukiuvuta kidogo, hakuna sabuni ya kuurudisha; ufanye kitambaa cha kupangusia taa.