Mannenberg: Muziki wa furaha uliobeba huzuni ya wengi

Muziki wa jazz usio na mwimbaji huelezwa na wataalamu kwa mambo matatu: kasi, yaani idadi ya mapigo katika dakika moja, ufunguo, yaani sauti ya msingi ambayo muziki huirejea kama msafiri arejeavyo nyumbani, na hisia inayombakia msikilizaji. Mawili ya kwanza hupimika. La tatu halina mizani, na sababu yake inadhihirika katika historia ya Afrika Kusini.

Kanuni ya kawaida husema kuwa ufunguo wa meja huchangamsha na ule wa maina huhuzunisha. Kwa kanuni hiyo, Mannenberg, muziki uliorekodiwa na mpiga piano Abdullah Ibrahim mjini Cape Town mwezi Juni mwaka 1974, ungekuwa wa furaha tupu. Ufunguo wake ni wa meja, na mwendo wake ni wa mtu atembeaye bila haraka.

Umbo lake limetokana na marabi, muziki wa dansi uliochezwa katika vilabu vya pombe vya mitaa ya Waafrika mjini Johannesburg tangu miaka ya 1920. Marabi hujengwa kwa mafungu manne ya sauti yanayozunguka bila kikomo, ili wachezaji wasimame tu wanapochoka. Mzunguko huo ndio unaobeba Mannenberg kwa zaidi ya dakika 13, huku saksafoni ya Basil Coetzee ikitangulia. Nyundo za piano zilitiwa pini, na sauti yake ikawa ya kugonga kama bati.

Kwa nini basi watu waliusikia kama kilio? Jina lake linajibu. Manenberg ni kitongoji cha Cape Town kilichojengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya watu ambao serikali iliwaita Machotara. Wengi walihamishiwa huko kwa nguvu. Mwaka 1966 mtaa wa District Six, ulio katikati ya mji, ulitangazwa kuwa wa Wazungu peke yao, na baadaye nyumba zake zikabomolewa.

Sheria iliyofanya hayo, ile ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi, ilifika pia Durban, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapo. Huko, Sydenham ni miongoni mwa vitongoji vilivyokuwa makazi ya Wahindi na Machotara. Mkazi wa Sydenham hakuhitaji kuiona Manenberg ili aelewe muziki huo ulizungumzia nini. Hali aliijua.

Katika miaka ya 1980 Coetzee na mwenzake, Robbie Jansen, waliupiga muziki huo katika mikutano ya kupinga ubaguzi wa rangi. Muziki usioimbwa hauna shairi la kupigwa marufuku; kila msikilizaji huujaza maneno yake mwenyewe.

Mjini Durban kwenyewe, jazz iliingia darasani mwaka 1983, pale Mmarekani Darius Brubeck alipoanzisha masomo yake katika Chuo Kikuu cha Natal. Yalikuwa masomo ya kwanza ya shahada ya jazz katika chuo kikuu cha Afrika. Wanafunzi wa rangi mbalimbali walikaa pamoja kujifunza kasi na ufunguo, wakati sheria ingali inawatenganisha nyumbani kwao.

Mpenzi wa taarabu hatashangazwa na haya. Bashrafu haina maneno, lakini Unguja na Mombasa mtu huweza kuisikiliza akadondokwa na machozi, ilhali jirani yake anatabasamu. Fundi huchagua kasi na ufunguo. Hisia huletwa na msikilizaji, kutokana na yale yaliyompata. Mwaka 1974, nchini Afrika Kusini, waliopatwa walikuwa wengi.