Mchoraji Mwanagenzi Asiyaamini Majina ya Rangi

Mwalimu akiwaagiza wanafunzi wachore mandhari ya kiangazi, aghalabu matokeo hujulikana mapema: nyasi za kijani, mbingu ya samawati na jua la manjano pembeni. Picha hiyo ni nadhifu, ila haina joto. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi huyo amechora msamiati wake, akaacha alichokiona.

Mimi ni mwanaisimu, na jambo hili lanihusu. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi tumeziita kwa majina ya vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, zambarau kutokana na tunda. Huo ni utajiri. Hata hivyo, jina la namna hiyo hutuaminisha kwamba kila jani ni kijani, juani na kivulini. Jicho halikubali. Nyasi zinazopigwa na jua la adhuhuri huelekea umanjano. Zilizo kivulini hupokea mwanga wa mbingu zikaelekea usamawati.

Tumtazame Vincent van Gogh. Mholanzi huyu alifika Arles, kusini mwa Ufaransa, Februari 1888. Mwezi wa Juni alichora mashamba ya ngano wakati wa mavuno, na pia picha ya mpanzi ambamo shamba lililolimwa limejaa zambarau chini ya mbingu ya manjano. Yamkini hakuna mkulima wa huko aliyeuita udongo wake zambarau. Lakini manjano na zambarau zikikaa bega kwa bega, kila moja huikoleza nyenzake. Mwanakemia Chevreul alikwisha kuieleza kanuni hiyo katika kitabu chake cha 1839. Ukali wa jua katika picha ile watokana na mvutano huo.

Rangi za mafuta humfaa mwenye kujifunza haya. Aghalabu hutengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, ambayo hayakauki upesi kama maji. Hugandishwa polepole na oksijeni ya hewani. Kwa hiyo mwanagenzi ana muda wa kukwangua, kuchanganya na kurudia. Aanze kwa kufinya macho ili aone mapande makubwa ya mwanga na kivuli. Vijiti na majani vije mwishoni. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe nayo zaidi, la sivyo picha itapasuka.

Najua rangi hizo ni ghali, na shule nyingi hazinazo. Kutazama, hata hivyo, hakununuliwi, na hata kalamu za rangi zatosha kwa zoezi hilo. Mtoto wa Kajiado au Kitui anakijua kiangazi kuliko kitabu chochote: amekwisha kuona nyasi zikigeuka rangi ya dhahabu, kisha za majivu. Akizichora hivyo, nasi tukamkosoa kwa sababu "nyasi ni kijani", tutakuwa tumemfunza kulisadiki neno na kulikana jicho lake mwenyewe. Walimu wenzangu, kabla ya kuishika kalamu nyekundu, tumwulize kwanza: uliona nini?